Jinsi ya kuwamaliza kunguni, mende na panya nyumbani bila kuiwekea familia sumu

Kazi yangu ni kupiga dawa majumbani hapa Dar, na simu nyingi ninazopokea zinaanza hivihivi: fundi, nimepulizia dawa mpaka nimechoka lakini wadudu wako palepale. Ukiuliza wadudu gani unajibiwa aah, wadudu tu, wanauma usiku. Sasa tatizo linaanzia hapo, watu wananunua dawa kabla hawajamjua mdudu, alafu wakishanunua wanapuliza pale walipomuona anakatiza badala ya pale anapolala. Yule mmoja uliyemuona anakimbia chini ya meza ni mtembezi tu, wenzie wamejaa mahali wametulia zao, na dawa isipofika huko hela yako imeenda na maji. Kwa hiyo twende taratibu, kwanza kumtambua, pili dawa yenyewe, alafu tunamshughulikia mmoja mmoja. Kwenye kunguni nitakaa sana maana ndo wanaotesa watu kuliko wote, wengine nitawapitia haraka.

HATUA YA KWANZA: MJUE NI NANI

Wanaouma usiku usiwatafute mchana. Weka alamu saa tisa usiku, amka, washa tochi ya simu ghafla na ufunue shuka, angalia pindo la godoro, ukuta ulio karibu na kichwa, mikunjo ya neti kule juu ilipofungwa. Ukimpata mmoja usimponde, mbandike kwenye selotepu, asubuhi mkague kwenye mwanga na uhesabu miguu.

Miguu sita, rangi ya kahawia, bapa, urefu kama milimita 5, hana mabawa na haruki, huyo ni kunguni. Akishanyonya anavimba na kuwa mwekundu. Hata usipomkamata ushahidi ataacha tu, utaona vidoti vyeusi kwenye pindo la godoro na kwenye maungio ya kitanda, ukivifuta kwa kitambaa kibichi vinatoa rangi ya damu ya zamani. Utaona na magamba aliyovua, mepesi, rangi ya asali, na mayai meupe ya milimita moja yaliyogandishwa kwenye ufa. Chumba kilichojaa sana kina harufu yake, inakaribia ya giligilani mbichi, ukishaizoea unawajua toka mlangoni.

Miguu minane, rangi ya kijivu, ngozi yenye makunyanzi, huyo ni papasi, jamii ya kupe. Mjini huku simkuti, lakini kama uko Dodoma au sehemu yoyote kwenye nyumba ya udongo yenye sakafu ya vumbi muogope kuliko kunguni, maana analeta homa ya papasi, ile homa inayokuja, inaondoka, inarudi tena. Kunguni pamoja na ubaya wake wote haijathibitika kwamba anaambukiza watu ugonjwa, na ukimwi haambukizi, hilo naulizwa kila siku. Yeye kazi yake ni muwasho, vidonda vya kujikuna na kukunyima usingizi.

Kinachouma kikiruka na alama ziko kwenye vifundo vya miguu, hao ni viroboto, mwangalie paka au mbwa wako kwanza. Ukiamka na alama nyekundu inayounguza shingoni au usoni, na imetoa malengelenge, na ni msimu wa mvua, inawezekana ulimponda yule mdudu mwembamba mwenye mapande mekundu na meusi anayefuata taa, Wakenya wanamwita nairobi flai. Huyo haumi kabisa, ni majimaji ya mwilini mwake ndo yanaunguza, kwa hiyo akitua mpulize aondoke, usimpige kofi, na ukishampiga osha kwa sabuni haraka kabla hujashika jicho. Watu wengi wanadhani ni mkanda wa jeshi.

Mende nao wako wa aina mbili na hii tofauti ni muhimu kuliko unavyofikiri. Yule mkubwa mwekundu-kahawia anayefika sentimita 4 na akikasirika anaruka, makao yake ni chemba na shimo la choo, kwako anakuja kutembea tu. Yule mdogo wa sentimita moja na nusu, rangi ya chai ya maziwa, mwenye mistari miwili meusi nyuma ya kichwa, huyo hatoki nje, huyo anaishi na wewe, amezaliwa kwenye friji yako. Ukiwaona wadogo mchana ujue wamejaa mpaka wamekosa nafasi.

Panya mjue kwa kinyesi. Vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 6 ni kipanya kidogo cha nyumbani, vya sentimita moja na zaidi vyenye ncha ni panya wa darini, vikubwa vya karibu sentimita 2 na vimebutuka ni yule panya mzito wa mitaroni. Na ukikutana na mkubwa kuliko wote, mkia nusu mweupe, huyo ni panyabuku, ndugu zake wako pale SUA Morogoro wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, mwache apite zake.

HATUA YA PILI: SOMA KIBANDIKO KABLA HUJALIPA

Dawa halali ya Tanzania ina kibandiko chenye jina la kemikali iliyomo, namba ya usajili, namna ya kuchanganya na nini ufanye ikimwingia mtu. Anayesajili viuatilifu ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya 2020, ile TPRI ya Arusha, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, ikaunganishwa humo. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na kibandiko usinunue hata kama jirani ameapa kwamba ni kiboko, maana hujui ni nini, hujui uchanganye kiasi gani, na mtoto akiinywa daktari hana pa kuanzia. Nyingi za hizo ni dawa za shambani, zinatumika kwa mtu aliyevaa mavazi kamili na yuko nje kwenye upepo, wewe unazipuliza kwenye geto la futi kumi kwa kumi alafu unalala humo.

Kuna vitu vitatu siwezi kukuruhusu hata kwa utani.

Vile vidonge vya kuhifadhia nafaka, vinavyowekwa ghalani. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, ni kweli inaua kunguni, na inakuua na wewe, na inapita kwenye tundu la dari na chini ya mlango inamuua jirani aliyelala hajui lolote. Wenzetu walioko Dubai na Sharjah hii habari wanaijua vizuri, huko familia zimepoteza watoto kwa sababu mtu wa chumba cha pili aliweka vidonge kuua kunguni. Nyumba zetu hizi za vyumba sita korido moja, ukuta haujafika juu, dari ni moja kwa wote. Usithubutu.

Pili, petroli au mafuta ya taa kwenye godoro. Yanaua yule uliyemmwagia tu, mayai yanabaki, na chumba kinasubiri njiti ya kiberiti.

Tatu, chaki ya mende, ile ya kuchora mistari ukutani. Ndani yake kuna sumu kweli, na mtoto wa chekechea haoni sumu pale, anaona chaki.

KUNGUNI, HAPA TULIA

Kabla ya yote toa aibu. Kunguni hafuati uchafu, anafuata damu na pumzi. Mwaka 2023 Paris yote ilikuwa inalia kunguni, kwenye treni, kwenye majumba ya sinema, na kule hakuna anayelala kwenye mkeka. Anasafiri kwenye begi la basi, kwenye sofa la mtumba, kwenye kitanda ulichouziwa na mpangaji anayehama. Aibu inafanya watu wanyamaze na kujipulizia kimyakimya, huku chumba cha pili nao wananyamaza hivyohivyo, na kunguni wanahama kwenda na kurudi.

Jambo la pili la kujua, dawa nyingi za kopo zina kemikali za kundi moja, majina yake yanaishia hivihivi, deltamethrini, permethrini, sipamethrini. Kunguni wa dunia nzima wameshazizoea. Utampuliza atalewa, atatembea, kesho yupo. Ndo maana hata neti yenye dawa ambayo mbu anakufa nayo, kunguni wanataga kwenye pindo lake. Kwa hiyo usitegemee dawa peke yake, kazi kubwa inafanywa na joto na mikono yako. Joto la nyuzi 50 likimfikia anakufa yeye na yai lake, na hajalizoea mpaka leo.

Sasa kazi yenyewe. Panga siku nzima, na kama ni nyumba ya kupanga ongea na mama mwenye nyumba vyumba vyote vifanyike siku moja. Najua ni ngumu, lakini ukifanya chumba chako peke yako watarudi kwa kupitia ufa wa mlango.

1. Usihamie kulala sebuleni. Watu wengi wakizidiwa wanabeba shuka wanaenda kwenye kochi. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, hatakufa kwa sababu umemsusia, atakusubiri au atakufuata, na sasa una sehemu mbili za kushughulikia badala ya moja.

2. Nguo, shuka, foronya, mapazia na neti viingie kwenye mfuko mzito wa nailoni humohumo chumbani, funga, ndo utoe nje. Ukizibeba mkononi mpaka uani utakuwa unawadondosha korido nzima. Za kuchemka zichemshe kwenye sufuria kubwa, zile za rangi zinazochuja tumia maji ya moto kadiri zinavyovumilia alafu piga pasi taratibu, ukikazania mapindo na mifuko. Zisizofaa maji zifunge kwenye mfuko mweusi, tandaza bapa kwenye bati au sakafu ya saruji jua la saa sita, zigeuze, ziache mchana kutwa. Zikishakuwa safi zikae kwenye mfuko mwingine uliofungwa, zisirudi kabatini mpaka kabati nalo liwe tayari.

3. Kitanda kifunguliwe chote. Namaanisha chote, nati zitoke, chaga zitoke, ubao wa kichwani uwekwe pembeni. Hapa ndipo watu wanachoka na hapa ndipo kunguni walipo. Kuna mama mmoja kule Manzese aliniambia kitanda ameshakipulizia nje ndani, ni mninga mzuri mzito, hakuna kitu. Nikachomoa nati ya mguu wa kichwani, tundu lenyewe kidole hakiingii, nikaingiza njiti ya mshikaki, ikatoka na kunguni walioshonana wakubwa kwa wadogo, magamba na mayai yakiwa yameganda pamoja tabaka juu ya tabaka. Dawa yote aliyopuliza ilipita juu ya kichwa cha ile nati. Akaniuliza, "Fundi niambie ukweli, hawa wanaisha kweli?" Nikamwambia wanaisha mama, ila leo hatulali mchana.

4. Chemsha maji, yakiwa bado yanatokota yamwagie kwenye kila tundu, kila ungio na kila ufa wa chaga, kwa birika lenye mdomo mwembamba ili yaingie ndani. Fanyia uani, sio chumbani karibu na soketi, na watoto wakae mbali kabisa. Kitanda cha chuma ndo rahisi zaidi, ila yale mabomba yake yaliyo wazi mwishoni mimina na humo, kunguni wanapenda sana.

5. Godoro. Kulianika tu juani hakutoshi, jua likichoma upande wa juu wao wanahamia upande wa chini wenye kivuli. Lipige brashi ngumu kwenye mapindo yote, kwanza mayai yaachie, kisha pitisha pasi ya mvuke kama unayo taratibu kwenye pindo, sentimita chache kwa wakati. Baadaye livalishe kava la nailoni lenye zipu na lizibwe, waliobaki ndani wafie humo. Godoro ambalo limeshachanika na sponji iko nje sikushauri uhangaike nalo, lakini ukilitupa lichane na uandike KUNGUNI, la sivyo jioni hiyohiyo kuna mtu atalibeba na litarudi mtaani kwenu.

6. Chumba chenyewe. Toa picha na saa ukutani uangalie nyuma, angalia fito za pazia, pembe za silingi bodi, nyuma ya makava ya soketi (zima umeme kwanza kwenye meni swichi), chini ya kapeti, mikunjo ya kochi, migongo ya vitabu, ndani ya redio. Ufa wa ukuta uzibe kwa saruji au skimu. Hapa sasa ndo dawa inaingia, iliyosajiliwa kwa matumizi ya ndani, inapigwa kwenye nyufa na maungio tu, sio kwenye shuka na sio juu ya godoro unapolaza uso. Zile za kulipua moshi chumba kizima ziache, moshi hauingii kwenye ufa, unawatawanya tu waende chumba cha pili.

7. Rudisha kitanda katikati, kisiguse ukuta, shuka lisiburuze chini, na kila mguu uusimamishe kwenye kopo la plastiki lenye kuta laini, ndani pakaa poda ya mtoto. Kunguni hawezi kupanda kitu laini chenye poda, atakaa humo. Hii ni kinga na ni kipimo pia, kila asubuhi unachungulia kopo unajua kama bado wapo.

8. Rudia. Hii watu hawataki kuisikia. Jike mmoja anataga kati ya mayai 200 na 500 maishani mwake, na kwa joto letu hili yai linatotoka ndani ya wiki moja hadi siku 10. Dawa nyingi hazigusi yai. Kwa hiyo baada ya siku 10 hadi 14 unafanya tena yote, hata kama hujaona hata mmoja, unawawahi wale watoto kabla hawajakua na kuanza kutaga. Alafu endelea kuchungulia makopo wiki sita nyingine. Wiki sita zikipita hakuna kilichonasa na hakuna aliyeumwa, shukuru Mungu.

MENDE

Wale wakubwa wa chooni dawa yao ni ufundi ujenzi. Ziba mfuniko wa chemba, weka wavu kwenye tundu la maji bafuni, hakikisha ile kona ya bomba chini ya sinki inabaki na maji muda wote maana ndo inawazuia kupanda. Dawa ya kupuliza wakati mwingine kwenye chemba sawa, lakini bila kuziba ni kazi ya kila mwezi.

Wadogo ni habari nyingine. Jike anatembea na kifuko cha mayai kwenye ncha ya tumbo kwa nyuma, ndani yana 30 hadi 40, na anakibeba mpaka karibu na kutotoa, ndo maana wakivamia ndani ya miezi michache jiko zima ni lao. Mwanzo wao mara nyingi ni katoni la dukani au friji ya mtumba. Fungua kile kifuniko cha nyuma ya friji kwenye mota, kuna joto, kuna giza, kuna maji ya barafu yanayodondoka, kwa mende mdogo hiyo ni hoteli ya nyota tano.

Usipulize. Nasema tena, kwa mende wadogo kopo la kupuliza ni kuwatawanya. Tumia jeli, ile inayokuja kwenye bomba la sindano, kemikali zake ni kama fiproni au imidaklopridi. Kwanza usiku safisha jiko, vyombo vioshwe, pipa la taka litoke, mafuta kwenye jiko la gesi yafutwe, asipate chakula kingine. Alafu weka vitone vidogo vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti, vingi, sio bonge moja. Weka kwenye bawaba za kabati, chini ya ukingo wa sinki, nyuma ya friji karibu na mota, nyuma ya maikrowevu, kwenye pembe za droo. Mende anakula, anarudi kwake, anafia huko, wenzie wanakula mzoga na kinyesi chake nao wanakufa. Ukipuliza dawa juu au karibu ya jeli wataikwepa, umeharibu mwenyewe. Baada ya wiki mbili angalia, palipoliwa ongeza.

Kama jeli ni bei kwako, unga wa boriki unafanya kazi ile ile ila polepole, siku kadhaa. Changanya na sukari na unga kidogo wa ngano, ipulizie nyembamba sana isiyoonekana vizuri, nyuma ya kabati na chini ya friji. Watu wanaumwaga kama chumvi, mende anaona mlima anauzunguka. Usiweke ambapo mtoto anafika au juu ya kabati la vyombo. Mchanganyiko huohuo ukifanya wa maji ya sukari unamaliza na sisimizi, weka tone kwenye njia yao na usiwaue, waache wabebe wampelekee malkia.

PANYA

Hapa kosa la wengi ni kuanza na sumu. Anza na matundu. Kipanya kidogo anapita kwenye tundu la upana wa penseli, kwa hiyo zunguka nyumba na tochi, angalia bomba linapoingilia ukutani, chini ya mlango wa jiko, pale bati linapokutana na ukuta, waya wa dishi unapopita. Sindilia stilwaya ya kusugulia masufuria alafu pakaa saruji juu, gazeti na sponji wanatafuna siku hiyohiyo. Mti uliolalia bati upunguze matawi.

Mitego ya kubana iweke kandokando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hakatizi katikati ya chumba. Chambo kizuri ni nazi iliyobanikwa au dagaa, funga na uzi asiibe. Panya mkubwa anaogopa kitu kipya, kwa hiyo weka mitego na chambo bila kuitega siku tatu nne, wakishazoea kula ndo uitege yote usiku mmoja. Mitego mingi kwa siku chache ni bora kuliko mmoja kwa mwezi.

Sumu ukilazimika, tumia ile ya vipande vilivyofungwa yenye kibandiko, iwe kwenye boksi lenye tundu ambalo mtoto, kuku na paka hawaingizi mkono wala kichwa. Hizi zinazuia damu kuganda, panya anakufa baada ya siku kadhaa, usidhani imeshindwa ukaongeza. Na ujue anaweza kufia darini, utakaa na harufu. Ile ya kupima kwenye karatasi inayoua papo hapo achana nayo, hiyo ndo inayojaza watoto hospitali.

Kinyesi cha panya usikifagie kikavu. Vaa glovu, mwagia maji yenye jiki, subiri dakika kumi, kusanya kwa tambara. Mkojo wa panya ni moja ya njia za homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi Julai 2022, wagonjwa 20 na watatu kati yao wakafariki. Na kwa ndugu zetu wa Lushoto wanaokumbuka tauni iliyoanza 1980, kule wanajua kwamba panya akifa viroboto wake wanatafuta mwili mwingine, kwa hiyo ukikuta panya wengi wamekufa bila kuwekewa kitu usiwashike, toa taarifa kituo cha afya.

MCHWA NA WENGINE

Ukiona mrija wa udongo unapanda ukutani ni mchwa. Ukiona unga laini unamwagika chini ya kabati na vitundu vidogo vya mviringo, hao ni wadudu watoboa mbao, dawa inaingizwa kwenye vitundu kwa sindano. Mchwa ukiwapuliza pale juu umeua vibarua, malkia yuko ardhini. Chimba mfereji mwembamba kuzunguka msingi, mwagia dawa ya mchwa kwa kipimo cha kibandiko, ndani toboa sakafu kandokando ya ukuta uingize. Anayejenga sasa hivi amwagie udongo dawa kabla ya kumwaga jamvi, ndo wakati wa bei rahisi kuliko wote. Mbao na maboksi yasiegemezwe ukutani.

Wenye gunia la mahindi ndani wakiona unga mwingi na mdudu mweusi aliyebutuka nyuma, huyo ni dumuzi, wazee wa Tabora walimpa jina Scania kwa namna alivyokuja na kumaliza maghala. Kwa mahindi ya kula usipulize chochote, kausha vizuri, weka kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, funga, watakosa hewa.

Mbu anayeuma mchana mwenye madoa meupe miguuni ndo wa dengue, ile iliyoisumbua Dar 2014 na 2019, na anazaliwa kwenye maji safi ya ndoo, sahani ya maua na tairi uani kwako, sio mtaroni. Mwaga maji kila wiki, funika ndoo.

DAWA IKIMWINGIA MTU

Dalili za dawa nyingi kali ni mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka. Mtoe nje kwenye hewa safi, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe na usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula, hayo hayavuti sumu, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali na kopo la dawa mkononi, kibandiko ndo kitamwambia daktari atibu nini, hata ile sumu ya panya ya kuzuia damu ina dawa yake, vitamini K, ila lazima wajue.

UKIITA FUNDI

Kama umeamua kuita mtu, muulize maswali kabla hujamlipa. Dawa inaitwaje na nione kibandiko. Nikae nje masaa mangapi, na samaki wangu na kuku je. Unaanza na kukagua au unaanza na pampu? Na la mwisho, unarudi lini mara ya pili na bei yake iko humo au ni tofauti. Kwa kunguni akikujibu anapiga mara moja tu na wameisha kabisa, mpe nauli arudi kwao utafute mwingine.